Mlishaji Aliyesoma Mikia

Kila nikimkumbuka, namwona amekaa. Kiti chake kilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na mahali pake palikuwa pale pale siku zote: kwenye kona ya uzio, hatua tatu kutoka lango dogo, mgongo ukiegemea ukuta wa ghala la barsim, yale majani mabichi ya kulishia mifugo. Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, alikaa hapo saa nzima, mikono juu ya magoti, bila kufanya chochote. Ukimsalimu aliitikia bila kugeuza shingo. Mwezi wa kwanza nilidhani ni mzee mvivu anayelindwa na umri wake. Mwezi wa pili nikaanza kushuku kwamba ananipima. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba alikuwa akitazama mikia.

Sote tulimwita Mlishaji, kuanzia bosi hadi madereva, kila mtu kwa lugha yake. Jina analo, lakini kwa miaka mitatu sikusikia mtu akilitumia, na sioni kwa nini niwe wa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, Kiarabu chake cha Jeddah. Zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa.

Shamba lilikuwa mwendo wa saa moja kaskazini mwa Riyadh, katikati ya kokoto na upepo. Bosi aliishi mjini, Al-Malqa, kwenye nyumba yenye kuta ndefu, na huku jangwani alikuwa amekusanya wanyama kama wenzake wanavyokusanya magari: mbuni, swala, ngamia weusi, na kumi na mmoja wa wale nyati wenye nundu waitwao baisani, walioletwa kwa ndege kutoka Marekani. Mimi nililetwa baadaye, kwa ndege pia, shahada yangu ya usimamizi wa wanyamapori ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Bosi ndiye aliyekuwa kafili, yaani mdhamini, wangu na wa Mlishaji. Bila yeye ikama zetu hazihuishwi, na bila ikama mtu hana ruhusa ya kuishi wala kufanya kazi nchini.

Kazi yangu kubwa ilikuwa karatasi moja. Bosi alitaka siku moja afungue zizi la baisani kwa wageni wake na watoto wao, na wakaguzi walitaka mtu mwenye shahada aandike na kutia sahihi: wanyama hawa ni wa kufugwa, waliochanganywa damu na ng'ombe wakazoea watu, au ni wa porini? Wakiwa wa kufugwa, uzio mmoja unatosha na wageni wanaweza kuingia. Wakiwa wa porini, zizi halifunguliwi. Muuzaji alisema ni wa kufugwa. Mlishaji alisema ni wa porini. Nami nilikuwa katikati nimeshika kalamu.

Kwa hiyo Mlishaji aliamua kunifundisha, au labda kunichosha. Mpaka leo sina hakika.

"Msomi," alinianza siku moja. Hilo ndilo jina alilonipa, na hakuna siku niliyolisikia bila kuhisi nachekwa. "Huyo dume unamwona nini?"

"Nundu, Mzee. Ndevu. Pembe fupi."

"Hayo hata mtoto anayaona pichani. Mie nakuuliza kichwa kiko wapi."

Nikatazama. Kichwa cha dume kilikuwa chini sana, chini ya mstari wa mgongo, kama mzigo alioubeba kwa kamba.

"Ng'ombe hubeba kichwa chake juu," akasema. "Huyu kinamning'inia. Na ile nundu usidhani mafuta, si ngamia huyu. Ni mfupa na nyama tupu, ya kukizungushia hicho kichwa. Ukimchanganya na ng'ombe, nundu inashuka, mkia unarefuka, pembe zinapanuka, na miguu ya mbele inavua suruali."

Suruali aliyoitaja ni manyoya marefu yaliyofunika miguu ya mbele hadi karibu na goti. Baisani wetu wote kumi na mmoja walikuwa wameivaa. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwasikia wakilia kama ng'ombe.

"Hapana. Wanaguna."

"Kama nguruwe," akasema, akashusha sauti. "Astaghafirullah, lakini ndivyo."

Nilimuuliza alijifunza wapi yote haya, maana hakuwahi kufika Marekani. Akapigapiga ndoo aliyokalia.

Niseme hapa kwamba mimi nilitokea Voi. Nimekulia mahali ambapo mbogo wakivunja uzio wa mbuga wanalala kwenye mahindi ya watu, na kabla sijajua kusoma nilishafundishwa kumtazama mbogo kichwani. Akiinua pua akakutazama kwa chini kama mtu anayekudharau, ondoka. Masikio yakiwa yamelegea na kichwa kiko kwenye majani, pita polepole. Chuoni walinifundisha mengi juu ya hayo, lakini hili ndilo lililokuwa mwilini mwangu, na nilipofika mbele ya baisani macho yangu yalikwenda yenyewe kichwani na masikioni.

Mlishaji aliligundua jambo hilo mapema. "Mbogo wako yuko Voi," aliniambia. "Huyu hamjui huyo. Huyu kichwa chake kinadanganya, kiko chini wakati wote, akiwa radhi kiko chini, akitaka kukuua kiko chini. Tazama nyuma. Mkia ukining'inia ukicheza na nzi, kaa unywe chai yako. Ukijipinda ukatoka nje kidogo kama mpini wa kikombe, acha chai. Ukisimama wima..." Hakumalizia. Siku zote aliishia hapo.

Jambo lililomshughulisha zaidi ni mahali walipotoka. Hakuna siku aliyosema hawa wanyama ni wabaya. Alisema wako mahali pasipo pao, na kwamba mnyama aliye pasipo pake humjui mpaka siku pale patakapofanana na kwao. Bosi alikuwa amewapandia nyasi za bustani na kuwawekea feni kubwa za kupuliza mvuke wa maji. Hawakuzijali. Walitembea. Asubuhi na jioni walifuata uzio, mmoja nyuma ya mwingine, jike mzee akiongoza, hadi ardhi ikachimbika mfereji wa kina cha goti pande zote nne. Mlishaji alisema huko kwao hawakai, wanatembea siku nzima wakila, na miguu yao bado inaamini kuna mahali pa kufika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikupenda kulitazama. Dume mkubwa alikuwa akisimama kwenye mchanga usiokuwa na kitu na kuanza kukizungusha kichwa, kushoto, kulia, kushoto, akisukuma mchanga pembeni kwa uso wake. Mchanga ulirudi, naye akaanza upya. Nilidhani ni ugonjwa wa akili, nikaandika hivyo kwenye daftari langu. Mlishaji akacheka kwa pua.

"Anafukua theluji," akasema.

"Theluji hajaiona miaka mitatu, Mzee."

"Shingo yake imeiona. Majani ya kwao yanalala chini ya theluji, wanayafukua kwa uso. Hilo hakufundishwa na mfugaji, Msomi. Andika hilo kwenye karatasi yako."

Kisha ikaja tufani ya vumbi. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, mchana, na anga upande wa kaskazini ikageuka rangi ya kutu. Ngamia walikaa chini. Swala waligeuza makalio kwenye upepo, kama mnyama yeyote mwenye akili anavyofanya. Baisani walisimama wote kumi na mmoja wakageuka uso kwa uso na ule ukuta wa vumbi unaokuja, vichwa chini, wakaanza kutembea kuuelekea hadi uzio ulipowazuia. Wakabaki hapo wameubonyeza kwa vifua. Nyaya zikalia. Nilikuwa nimejibanza ghalani na Mlishaji, kitambaa puani, na nikamsikia akisema kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Sasa hivi joto limewalaza. Siku itakapokuja baridi ya kweli watakumbuka wao ni nani."

Riyadh ina baridi ya kweli, wiki chache kila mwaka. Ndizo wiki ambazo watu wa mjini hutoka kwenda jangwani na familia zao kuota moto. Ndizo wiki ambazo bosi alitaka kufungua zizi.

Nisije nikamchora kama walii. Alikuwa muongo. Bosi akipiga simu kuuliza kama wanyama wamekula zile tembe za chakula za gharama alizoagiza, Mlishaji alijibu "naam, naam, wamemaliza zote" huku gunia likiwa halijafunguliwa. Madam, mke wa bosi, alikataza wanyama wasichafuke kabla ya siku za picha. Mlishaji alichimba nyuma ya mitende shimo la vumbi laini ili wapate kugaagaa, na alipoulizwa akasema wamelichimba wenyewe. Alitukataza sisi kuwapa wanyama majina au kuwapenda. Lakini nilimkuta akizungumza nao, kwa Kiswahili, muda mrefu, akiwaelezea bei ya tende na goti lake linavyomsumbua. Nilimuuliza kwa nini hasemi nao Kiarabu. Akasema Kiarabu ni lugha wanayoamriwa nayo, hawatamwamini.

Na alikuwa akiogopa paka. Mtu aliyeweza kupita hatua kumi kutoka kwa dume la baisani bila kuharakisha alipanda juu ya magunia alipoona paka wa ghalani. "Paka humjui anataka nini," alisema, bila aibu yoyote. "Hawa wanakwambia."

Binadamu nao walikuwa wakimwambia, kwa mujibu wake. Alisema uso wa mtu ni kama kichwa cha baisani, hauna habari, msome mikono. Tangu aliponiambia hivyo nikawa sijui nikae nayo vipi. Nikiiweka nyuma nilihisi nimekiri kitu. Nikiiweka mbele niliiona ikicheza na kofia ya kalamu, fungua, funga, fungua, naye akaitazama mara moja tu na kurudi kwenye mikia yake.

Mtu pekee aliyemfanya acheke kwa sauti alikuwa Nekesa. Alikuwa dada wa Kenya, wa Bungoma, mfanyakazi wa ndani kule Al-Malqa. Baadhi ya Ijumaa madam alikuja naye shambani ili amshikie binti yao mdogo. Nekesa hakujua kunong'ona.

"Mlishaji, huyu ng'ombe wako ako na ndevu kushinda pasta wetu."

"Na adabu je?"

"Hiyo sijui. Lakini pasta hajawahi kuniangalia hivi."

"Basi usimkaribie yeyote kati yao, binti yangu."

"Na wewe, Msomi," akanigeukia, "si ulisomea hii kitu? Anauma ama haumi?"

Nikamwambia inategemea. Nekesa akapiga makofi. "Miaka minne chuo, jibu ni inategemea!"

Nilicheka pamoja nao. Usiku ule nililifikiria swali lake, na kesho yake, na sikupata jibu fupi zaidi ya lile.

Karatasi ilidaiwa mwanzoni mwa majira ya baridi ya mwaka wa tatu. Bosi aliniita ofisini. Huwa ananiita daktari ingawa sijafika hata shahada ya pili, na siku ile aliniita hivyo mara nyingi. Wageni wanakuja Ijumaa, daktari. Muuzaji ameshaandika ni wa kufugwa, daktari, wewe unathibitisha tu. Kisha, kwa upole kabisa, akakumbuka kwamba ikama yangu inatakiwa kuhuishwa mwezi huo.

Nimejieleza sababu zangu mara nyingi sana tangu siku ile. Kwamba sikuwa na kipimo cha damu, kwa hiyo kisayansi sikuweza kusema ni wa porini. Kwamba muuzaji huenda anajua asichokijua mzee aliyekaa juu ya ndoo. Kwamba nikikataa wataleta mwingine asiyejua hata suruali za manyoya ni nini. Kila moja ukiichukua peke yake inasimama. Niliandika "wa kufugwa, salama kwa wageni," nikatia sahihi, mkono wangu ukiwa umetulia kuliko nilivyotarajia.

Mlishaji alinisubiri nje.

"Umeandikaje?"

"Wa kufugwa."

Akatazama mikono yangu. Niliitia mifukoni.

"Halas," akasema. Basi, imekwisha. Kesho yake asubuhi niliona ndoo yake haipo ukutani. Alikuwa ameihamishia ndani ya uzio.

Ijumaa ile ilikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuipata tangu nifike. Pumzi za baisani zilionekana. Hawakufuata mfereji wao. Walisimama katikati ya zizi, wameangalia kaskazini, manyoya yamewasimama, na wakawa wakubwa kuliko nilivyowazoea. Ndama wawili walikuwa wakirukaruka kama wamefunguliwa kamba. Wageni wakafurahi, wakasema wanyama wamependeza leo. Mlishaji aliniita pembeni.

"Mwambie afunge. Leo tu."

"Nimwambie nini, Mzee? Nimeandika juzi."

"Mwambie umefikiri tena. Si ndiyo kazi yako, kufikiri?"

Nilikwenda hadi nusu ya njia. Bosi alikuwa amezungukwa na wageni, akicheka, kikombe cha kahawa mkononi. Nikasimama kutafuta sentensi ambayo haitamwaibisha. Nilipogeuka, madam alikuwa ameshamwambia Nekesa aingie na mtoto, asimame karibu kidogo na dume ili picha ipendeze.

Nekesa aliingia kwa lango dogo, mtoto kiunoni. Akaniita: "Msomi! Ako sawa huyu?"

Dume alikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwao. Kichwa chini, kwenye barsim. Masikio yamelegea.

"Yuko shwari," nikasema.

Akasogea hatua moja, ya pili. Nikamwona Mlishaji akisimama kutoka kwenye ndoo yake, polepole, kama mtu anayeamka kwenda kuswali. Hakupiga kelele. Alitembea akapita kati ya Nekesa na yule mnyama, akiivua shimagi yake, kile kitambaa chekundu cha kichwani, na akasema kwa sauti ya kawaida, "Rudi nyuma, binti yangu, usikimbie, usimpe mgongo." Nekesa alitii. Alirudi nyuma kinyumenyume hadi langoni, mkono wake umefunika kichwa cha mtoto. Mlishaji akakitupa kile kitambaa upande wa pili, mbali na lango, naye mwenyewe akakifuata.

Sitaeleza yaliyofuata. Yalikuwa mafupi. Kilichobaki masikioni mwangu ni zile kwato, na mguno, na baadaye sauti ya dume akila tena barsim pembeni ya yule mzee aliyelala, kana kwamba jambo lile lilikuwa limemalizika kwake.

Nyonga yake ilivunjika, na mbavu. Alikuwa bado hospitalini wakaguzi walipokuja. Bosi aliwaambia kwamba mzee aliacha lango wazi na kuwachokoza wanyama kwa kitambaa chekundu, na kwamba wanyama wenyewe ni wapole, kuna karatasi. Wakanigeukia. Je, dume alionyesha dalili yoyote kabla ya kitambaa?

"Sikuona," nikasema.

Neno moja. Kwa neno hilo karatasi yangu ikabaki kuwa kweli, na kosa likawa la Mlishaji. Mkataba wake ukavunjwa kwa kosa la uzembe, akarudishwa Jeddah kwa dada yake, mtaa wa Karantina. Nekesa alihamishiwa kwa ndugu wa madam. Kabla hajaondoka alinitumia ujumbe wa sauti. Hakutukana. Alisema tu, "Nilikuuliza, Msomi. Nilikuuliza wewe."

Miezi minane baadaye bosi aliwauza baisani wote kwa tajiri mwenzake wa Jeddah, aliyekuwa akijenga mahali pa familia kupumzikia, nje kidogo ya mji, karibu na bahari. Mnunuzi alihitaji karatasi ile ile, yenye maneno yale yale, ikitaja zizi jipya. Nikapelekwa kukagua. Zizi lilikuwa zuri. Lilikuwa na uzio mmoja, wa kiunoni, na mbele yake mafundi walikuwa wakipaka rangi mabenchi madogo, ya manjano na ya bluu, ya kimo cha watoto. Dume alikuwa ameshafika. Alisimama kifua kwenye uzio, uso kwenye upepo wa baharini. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa.

Kutoka hapo nilipanda teksi hadi mjini, mtaa wa Sharafiya. Nilikuwa nimempigia Mlishaji simu wiki nzima kichwani kabla ya kumpigia kweli, na nilikuwa na hotuba. Alikuwa ameshakaa nilipofika, kwenye mkahawa mdogo ulio kati ya duka la simu na ofisi ya kutuma pesa, mkongojo umeegemezwa ukutani, chai ya maziwa mbele yake. Alikuwa amepungua. Alikuwa pia amechagua meza iliyo mbali na mlango, na nilipotazama nikaona sababu: paka watatu walikuwa wamelala kizingitini.

"Karibu, Msomi. Umekonda. Hawakulishi?"

"Mzee, nimekuja kusema..."

"Kaa kwanza. Agiza maharage, hapa wanayajua." Alingoja mpaka nikaagiza. "Wamefika salama?"

"Wamefika."

"Jike mzee?"

"Alikufa njiani."

Akazungusha kikombe chake taratibu. "Basi hawana wa kuwaongoza. Na pale wana vumbi la kugaagaa?"

"Wamewekewa saruji."

"Na upepo?"

"Unatoka baharini. Dume ameelekea huko, amebana uzio kwa kifua."

"Uzio wa kimo gani?"

Nikaonyesha kiunoni kwangu. Nikamwambia juu ya mabenchi, na rangi zake, na Ijumaa. Kisha nikaitoa karatasi kwenye mkoba na kuiweka mezani, maana sikuona njia nyingine ya kufika nilikokuwa nikienda.

Hakuisoma. Aliuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Siku ile, mkia ulikuwaje?"

Miezi minane nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kwa nini.

"Ulijipinda," nikasema. "Kama mpini wa kikombe. Halafu ukapanda."

"Uliuona."

"Niliuona, Mzee. Niliuona nikasema kichwa kiko chini, masikio yamelegea, kwetu hivi ni shwari. Nikasema labda ni nzi. Labda ni baridi. Nilikuwa bado napima, na mdomo ukawa umeshajibu."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana na hasira, wala hakuonekana kunisamehe. "Nilijua uliuona," akasema. "Kofia ya kalamu ilikuponyoka." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa: "Ikama yangu inaisha mwezi ujao. Hakuna kafili anayemtaka mlishaji mzembe. Wanasema nitarudishwa kwetu. Nimewauliza kwetu ni wapi, wakasema Zanzibar. Mie nimezaliwa hapa Jeddah, Zanzibar naijua kwa simu tu." Akacheka kidogo. "Lakini hilo la kwangu ni langu. Wewe hapo una Ijumaa."

Niliifungua kalamu. Chini ya maneno yaliyochapwa palikuwa na nafasi ya maelezo ya mtaalamu. Niliandika kwa mkono, naye akanitaka nimsomee kila mstari kwa Kiswahili kadiri nilivyoandika. Kwamba ni wa porini, kwa nundu, kwa kichwa, kwa manyoya ya miguu, kwa sauti. Kwamba wanafukua theluji isiyokuwapo. Kwamba wanaikabili tufani. Kwamba siku ya ajali niliuona mkia ukipanda kabla ya kitambaa, na sikusema.

"Lango," akasema.

Nikaongeza kwamba lango lilifunguliwa kwa amri, si na Mlishaji. Nikaipiga picha karatasi kwa simu, nikaituma kwa bosi na kwa wakaguzi pamoja, kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Maharage yakaja. Hatukuyagusa. Nje adhana ya alasiri ilikuwa imeanza na maduka yakianza kushusha milango.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Bosi. Mlishaji aliitazama, kisha akanitazama mimi, mikononi, kwa utulivu ule ule wa asubuhi za shambani. Mikono sikuitia mifukoni. Nikapokea.

"Daktari," bosi akasema, "umetuma karatasi yenye makosa."

"Haina makosa, bosi. Ni wa porini."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake mtoto akicheka. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, ikama yangu inaisha lini.